Tanga, Pangani, Muheza, Amani: njia ya vumbi kwa mwenye baiskeli

Mie ni fundi baiskeli, na mtu akisimama kijiweni kwangu hapa Ngamiani, Tanga mjini, kuulizia safari ya kijiji cha Amani, kule juu mlimani, kwa baiskeli, swali la kwanza huwa anunue baiskeli gani. Namwambia asinunue. Alete kwanza ile aliyonayo niitazame.

Siku hizi ziko baiskeli zinazoundwa makusudi kwa barabara za changarawe: usukani umejikunja kama pembe za kondoo, fremu nyepesi, gia kibao, tairi pana kiasi. Baiskeli nzuri, sina neno nazo. Lakini zipime tairi: milimita 38, 40, pengine 45. Kisha nenda kapime tairi la Phoenix ya babu yako, lile lililoandikwa ubavuni 28 x 1½. Utakuta milimita 40. Wenzetu wamezunguka wee na mashindano yao, mwisho wamerudi pale pale alipo muuza samaki wa Kigombe, kijiji cha pwani. Kwa hiyo ukiwa na Phoenix nzima, au hizi za milimani za mtumba zenye tairi la 26, safari hii unaiweza. Kinachoamua ni upepo wa tairi, meno ya nyuma, breki, na saa unayotoka nyumbani.

Njia yenyewe ni ya kuzunguka. Unashuka pwani kutoka Tanga hadi Pangani, kiasi cha kilomita 50. Unaingia bara kutoka Pangani hadi Muheza, kilomita 45 hivi. Unapanda kutoka Muheza hadi Amani, 35 au kidogo zaidi. Halafu unateremka na kurudi mjini. Jumla ni kama mia mbili, na kwa mtu mwenye pumzi za kawaida ni siku nne. Akiongeza ya tano ya kukaa tu Amani anywe chai, hatajuta. Wako wanaotaka kuimaliza kwa mbili. Hao mie huwajazia upepo nikawaombea dua.

Baiskeli kabla ya yote

Nianze na tyubu, maana ndiko watu wanakokwama. Tairi la Phoenix la 28 x 1½ haliingii kwenye rimu ya baiskeli ya kisasa iliyoandikwa 700, hata ulivute namna gani. Rimu hizo zimepishana milimita 13 kipenyo. Tyubu yake, hata hivyo, inaingia. Mpira unanyumbulika. Kwa hiyo mgeni aliyepasukiwa huko Kigombe asilie: tyubu ya dukani kijijini itamfikisha, ilimradi tundu la valvu kwenye rimu yake ni pana. Hapo ndipo penye kesi. Baiskeli nyingi za bei kubwa zina valvu nyembamba na tundu jembamba, na tyubu za madukani kwetu zina valvu nene. Mwenye baiskeli ya namna hiyo abebe tyubu zake mwenyewe, zisipungue mbili, pamoja na kile kichwa kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba iweze kupokea pampu ya kawaida. Bila hicho, vijana wenye pampu njia nzima watabaki kukutazama, na wewe utabaki kuwatazama.

Upepo sasa. Watu wa mjini hujaza mpaka tairi linalia. Kwenye lami sawa. Kwenye kifusi tairi gumu linaruka kila jiwe, mikono inakufa ganzi, na gurudumu la nyuma linazunguka bila kushika. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 40, upepo wa psi 40 (zile namba za kwenye geji ya pampu) unatosha kwa barabara ya vumbi iliyokauka. Mwenye mzigo nyuma aongeze gurudumu la nyuma mpaka 45. Ukiingia mchanga wa minazini, shusha hadi 30. Usishuke zaidi ukiwa na tyubu ndani, kwa sababu ukigonga jiwe tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona mawili hivyo, usitafute mwiba. Hakuna mwiba, ni upepo mdogo.

Miba yenyewe lakini ipo. Ncha ya jani la mkonge ni ngumu, inapita tairi lililokwisha, na mashambani majani yaliyokatwa yanalala njiani. Tairi lenye ufa usilitoe Tanga.

Meno. Phoenix ya dukani huwa na meno 48 mbele na 18 au 20 nyuma. Kwa kupeleka mtoto shule inafaa, kwa kupanda Amani utashuka ukokote mapema. Fundi yeyote mwenye vitu vyake anaweza kukutolea kile kigurudumu kidogo cha meno cha nyuma akakuwekea cha meno 22 au 24, na cheni akaiongeza pingili. Bei yake haitishi. Wenye gia wahakikishe tu kwamba gia nyepesi kabisa inaingia kweli, maana wengi hawajawahi kuitumia tangu wanunue na waya umeshika kutu. Kipimo changu: ukiwa kwenye gia nyepesi, kuzungusha pedeli mara moja gurudumu la nyuma lizunguke mara moja au zaidi kidogo tu. Likizunguka mara mbili, una kazi.

Breki nitazisema tutakapofika kwenye mteremko, ila mpira wa breki uliobaki kama karatasi ubadilishe kabla. Cheni ifute kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta ya cherehani kila pingili, zungusha, halafu futa tena mpaka ionekane kama hukutia kitu. Usitie oili chafu ya gari. Najua kila mtu anatia. Inakamata vumbi lote la Bombani, kwenye njia ya Amani, na kuligeuza msasa, na cheni inakwisha kabla ya safari.

Vya kubeba havizidi mfuko mmoja: pampu, viraka, solusheni, msasa kidogo, kipande cha tairi kuukuu cha kuziba ndani tairi likichanika, spana ya 15 kwa nati za gurudumu, kikata cheni kwa mwenye gia, waya laini, na mikanda ya tyubu iliyochanwa. Mikanda hii ndiyo kamba bora kuliko zote. Inafunga mzigo kwenye kerea, inashikilia madigadi iliyokatika, na ukibanwa kabisa inafungia hata kandambili.

Msimu na saa

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, usiende. Barabara ya Amani ni udongo mwekundu, na ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata kiangazi chukua koti. Nyakati nzuri ni mbili. Juni hadi Septemba kuna ubaridi, njia imekauka, lakini kusi inavuma, nawe unakwenda kusini siku ya kwanza, usoni mwako. Januari na Februari kaskazi inakusukuma mgongoni hadi Pangani, ila jua la huko bara halina huruma. Mie napenda Julai. Upepo wa usoni una dawa: toka saa kumi na mbili asubuhi. Bahari huwa haijaamka, na mpaka saa nne upepo unapokaza umeshafika kwenye madafu.

Ramadhani ukisafiri hakuna atakayekukataza, ila kula na kunywa kwako kuwe faraghani, na mamantilie wengi mchana wamefunga. Jipangie chakula.

Pwani: Tongoni, Kigombe, Pangani

Barabara kuu ya Tanga–Pangani imeingizwa kwenye mradi wa lami, kwa hiyo anayetaka vumbi anaiacha kila apatapo njia ya kijiji upande wa bahari, akaizunguka minazi na kurudi. Usiogope kupotea huko. Bahari iko kushoto kwako siku nzima. Kinachokuchosha ni mchanga. Kanuni yake: kabla hujaingia weka gia nyepesi, kaa nyuma kidogo kwenye siti, mikono ilegee, endelea kukanyaga pedeli bila kusita. Usikate kona. Gurudumu la mbele likianza kuzama, shuka utembee. Hakuna anayekuandika jina.

Kilomita kama 17 kutoka mjini utaona kibao cha magofu ya Tongoni. Ingia. Pana msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi kiasi cha arobaini, ya karne ya 14 na 15. Mengine yalijengewa nguzo. Nyingi zimeanguka, zilizosalia zinatosha kukueleza watu hawa walikuwa na mali na ufundi. Mahali hapa zamani pakiitwa Mtangata. Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wamempungua, merikebu yake mojawapo, São Rafael, aliiteketeza huku huku kwa kuwa hakuwa na watu wa kuiendesha. Mtunzaji akiwepo lipa kiingilio, usikilize maelezo yake. Na tafadhali, baiskeli iegemeze mtini. Nimeona watu wameegemeza kwenye nguzo ya kaburi ili wapige picha, na nguzo ile imesimama miaka mia tano.

Kigombe ni kituo cha chakula. Ni kijiji cha wavuvi, na asubuhi ukifika ngalawa zimerudi. Kula mihogo ya nazi na samaki, kunywa dafu, jaza chupa. Hapa salamu ni mali. Ukipita wazee barazani, punguza mwendo, toa shikamoo, subiri marahaba ndipo uulize njia. Ukiuliza njia kabla ya salamu utaelekezwa vizuri tu, lakini hutaambiwa kwamba lile daraja la mbele limeoza.

Binti yangu, anayeendesha kunishinda, ananiambia niwaandikie wanawake hili: dera na cheni havipatani. Vaa suruali pana iliyobana chini, juu gauni fupi au shati refu, na kanga moja iwe kwenye kerea ya kujitanda ukifika kijijini. Kanga hiyo hiyo ni taulo, ni shuka, ni mto. Na wanaume wenye kaptura za kubana za kuendeshea, kikoi jamani. Wenyeji wana macho.

Pangani lala usiku. Mji wenyewe uko mdomoni mwa mto Pangani, unaoleta maji ya Kilimanjaro na Meru mwendo wa kilomita mia tano. Jioni tembea kwa miguu mitaa ya kale, utazame milango ya nakshi na Boma. Hapa ndipo Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani mwaka 1888, aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Na karibu hapa, Kikogwe, ndiko Dk. Richard Hindorf alikopanda mkonge mwaka 1893: miche 62 tu iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida. Kesho yake utaendesha katikati ya wajukuu wa miche hiyo mpaka uichoke.

Kabla hujalala, mwagia baiskeli maji baridi na uifute. Chumvi ya pwani inakula spoku usiku mmoja ukiiachia.

Bara: Pangani hadi Muheza

Siku hii haina mlima wa kutisha wala kitu cha kupiga picha kila dakika, na ndiyo inayowashinda wengi. Sababu ni jua. Shamba la mkonge halina kivuli. Toka alfajiri, beba maji yasiyopungua lita tatu, na katika chupa moja tia pakiti ya chumvi ile ya duka la dawa wanayopewa wanaoharisha. Maji matupu ukiyanywa siku nzima kwa jasho la namna hii, miguu itakushika misuli jioni na hutajua kwa nini. Ukikosa pakiti, kula embe bichi kwa chumvi, au machungwa ukikaribia Muheza, ambako yamejaa.

Barabara ina sehemu zenye mawimbi, vile vigongo vidogo vidogo vinavyotetemesha meno. Usishike usukani kwa nguvu; ukikaza, mtikisiko unaingia mabegani. Tafuta ukingo wa barabara, mara nyingi pikipiki zimelainisha utepe mwembamba pale. Bodaboda akija nyuma mpishe mapema, ndiye mwenye utepe.

Wako wanaopenda kukata kupitia njia za ndani ya mashamba. Ni tamu: zimenyooka, hazina magari, mahali pengine utakanyaga tuta la reli ndogo za kubebea majani zilizong'olewa zamani. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, kabla kamba za plastiki hazijauangusha, na njia hizi zilikuwa hazilali. Lakini mistari ya mkonge inafanana yote. Ukipinda mara tatu bila kutazama, umepotea. Mie hufanya hivi: kwenye geti naomba ruhusa kwa mlinzi, kwa kuwa ni mali ya mtu; nauliza kijiji kinachofuata kinaitwaje, siulizi Muheza iko wapi, kwani kila mtu atakunyooshea kidole upande wa Muheza na shamba liko katikati; halafu natazama jua liko bega lipi na kulishika bega hilo mpaka nimetoka. Ramani ya simu ipakue ukiwa mjini, mtandao ndani unakatika.

Muheza kuna gesti za kila bei, soko, na mafundi. Hapa ndipo pa kukaza spoku zilizolegea na kununua ulichosahau. Kunywa maziwa ya Tanga Fresh yaliyopoa, kula wali, lala saa tatu.

Kupanda Amani

Kutoka Muheza barabara inaelekea Bombani na kuingia bonde la mto Zigi. Ukiwa mtu wa Tanga mjini, jua kwamba mto huu unalijua tumbo lako: unatoka misitu ya Amani, unaingia bwawa la Mabayani, na humo ndimo bomba letu linamochota. Kwa hiyo unapoendesha kando yake unakwenda kuona maji yako yanakotoka, na utaelewa kwa nini wenye msitu wanakazana watu wasilime ukingoni.

Kilomita 25 za mwanzo hadi Sigi ni panda-shuka ya kawaida. Utapita shamba la misaji la Serikali, Longuza. Misaji inapukutisha majani kiangazi, majani mapana makavu yamefunika barabara, na chini ya majani kuna mashimo na mawe usiyoyaona. Punguza mwendo, hasa kwenye kona. Malori ya magogo nayo yana njia hii. Ukisikia ngurumo, toka kabisa barabarani, usibane ukingoni. Kivumbi chake utakila, funga mdomo kwa kitambaa.

Sigi ni geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Nyumba ya maelezo hapo ilikuwa ya mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani, walipokuwa na reli ndogo ya kuteremshia mbao hadi Tengeni. Lipa ada, andika jina, uliza hali ya barabara juu. Pumzika nusu saa hata kama hujachoka. Kula kitu kizito lakini kidogo: ndizi mbili, kipande cha mkate wa kumimina. Usile wali hapa, utaurudisha kwenye kona ya tatu.

Maana kutoka Sigi, mita 450 hivi juu ya bahari, unapanda hadi kama 900, kwa mwendo usiofika kilomita kumi, kona juu ya kona, mawe na udongo. Sikiliza namna ya kuupanda.

Shusha upepo kidogo, hadi 35. Ingia gia nyepesi kabla ya mwinuko, usingoje mguu ulie. Ukibadili gia huku umekaza pedeli cheni inakatika. Kaa kitako. Kijana huwa anasimama juu ya pedeli kama afanyavyo mjini, na gurudumu la nyuma, likikosa uzito, linachimba changarawe na kuteleza. Sogea mbele kwenye ncha ya siti, inamisha kifua kuelekea usukani, viwiko vilegee. Nyuma panashika kwa sababu umeketi, mbele hapanyanyuki kwa sababu umeinama. Kona za ndani ndizo kali kuliko zote. Zizunguke kwa nje kama hakuna gari, ni ndefu lakini zimelala. Pumua kwa hesabu yoyote unayoijua. Mie nahesabu pedeli nane, navuta, nane, natoa.

Ukisimama na kutaka kuondoka tena mlimani, usielekeze baiskeli juu. Igeuze ikate barabara upande, panda, kanyaga, ukishapata mwendo ndipo uielekeze. Na kukokota si aibu. Wakulima wa huku wanakokota baiskeli zenye mikungu ya ndizi kupita uzito wako, na watakusalimu kwa heshima yote.

Kivuli kimekuwa kizito sasa, na maji yanavuka barabara. Usiyanywe bila kuchemsha hata yakimetameta. Tulia usikilize: hondohondo wakiruka mabawa yao yanavuma mpaka unageuka kutazama gari. Mbega weupe wako juu ya miti. Kwenye miamba yenye unyevu kando ya vijito linaota ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima inalipanda dirishani. Wajerumani walilipa jina la Saintpaulia, kwa Baron von Saint Paul-Illaire aliyelipeleka kwao miaka ya 1890. Litazame, liache. Lina eneo dogo la kuishi porini na hifadhi haina mchezo na wanaong'oa.

Amani yenyewe ni kijiji chenye nyumba za kale za Wajerumani, waliofungua taasisi yao ya kilimo na baiolojia hapa mwaka 1902 na kupanda miti kutoka kila pembe ya dunia. Siku hizi wamo watafiti wa magonjwa ya binadamu na watu wa misitu. Mahali pa kulala papo. Uliza nafasi ukiwa Sigi kabla hujapanda. Beba sweta. Mtu wa Tanga asiyejua baridi, Julai usiku atavaa vyote alivyonavyo.

Siku ya kupumzika, acha mzigo na uendeshe hadi mashamba ya chai ya Kwamkoro au Derema. Njia ziko juu juu, hazina mpando wa kuua, upande huu msitu, upande ule chai iliyokatwa sawasawa. Vijijini wanalima iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Nunua kwa mkulima mwenyewe, bei utakayopatana naye hapo haifanani na ya sokoni Ngamiani. Ukitaka kupita njia za ndani ya msitu chukua mwongozaji wa kijiji, na ukitaka kupiga hema nje ya hifadhi mwone kwanza mwenyekiti wa kitongoji.

Kushuka

Hapa ndipo watu wanapoumia, na wanaumia asubuhi, wakiwa na nguvu na furaha. Mteremko wa Amani hadi Sigi ulikuchukua saa mbili kupanda. Usijaribu kuushuka kwa dakika kumi.

Breki zako kwanza. Phoenix ina breki za fimbo zinazobana rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa haishiki, basi. Unabana na baiskeli inaendelea na safari zake. Kukiwa na ukungu au umande, na Amani upo karibu kila asubuhi, subiri mpaka saa nne jua liikaushe njia. Wenye breki za diski mna nafuu kwenye maji, ila nanyi msizing'ang'anie. Breki ya aina yoyote ukiibana mfululizo inapata moto na kulegea. Bana kwa nguvu kidogo, achia, bana, achia. Punguza mwendo kabla ya kona baiskeli ikiwa imesimama wima. Ndani ya kona achia. Breki ya mbele kwenye kona ya changarawe ndiyo inayomlaza mtu chini.

Nyanyua kitako kidogo, sogea nyuma, pedeli zote mbili zikae usawa mmoja ili ya chini isigonge jiwe. Macho yaangalie unakotaka kwenda; ukilikodolea shimo utaliingia. Kila baada ya kona kadhaa simama ushike rimu kwa kidole. Ikiunguza, kaa chini, subiri. Nimepokea kijiweni tyubu zilizoyeyuka kiraka kwa joto la rimu, na wenyewe wamefika kwa haisi, baiskeli juu ya keria.

Muheza hadi Tanga lami ipo, kilomita 35 na kitu, lakini ndiyo barabara ya malori na mabasi yanayotoka Segera, na dereva wa basi hana habari na wewe. Mie siipiti zaidi ya ninavyolazimika. Kuna vijia vya vijiji vinavyoifuata reli ya kale, ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Muheza 1896, kupitia Ngomeni na Pongwe. Havikuungana vyote, utatoka barabarani mara kadhaa, na hapo vaa ile jaketi ya kung'aa ya bodaboda, kaa ukingoni, usiendeshe wawili sambamba mkipiga soga. Giza lisikukute. Ukiona saa kumi na moja na bado uko Ngomeni, simamisha haisi.

Ukifika nyumbani vua tairi zote mbili usiku huo huo, hata kama hazijapasuka, na upitishe vidole polepole ndani. Utakuta ncha za mkonge na miba imeshapenya nusu, inangoja tu uende nayo kazini Jumatatu. Ing'oe kwa koleo kutokea ndani. Zilizokushinda, niletee.